Dakika nane jukwaani

Yule mbunge alisimama, karatasi mkononi, akangoja migongo ipite.

Dakika chache kabla ya hapo ukumbi ulikuwa umefurika. Kura ilikuwa imepigwa, matokeo yamesomwa, na sasa wabunge kwa mamia walikuwa wanatoka kwa vishindo kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Wengine wanacheka, wengine wananong'onezana, mmoja amerudi kutafuta miwani aliyoisahau kwenye benchi. Aliyekalia kiti cha Spika aliomba wanaotoka watoke kwa utulivu. Hawakumsikiliza sana. Yule bwana akaanza hivyo hivyo, sauti yake ikipenya katikati ya viatu vya wenzake: anashukuru kupata nafasi ya kuzungumzia suala la lifti katika kituo cha treni jimboni kwake.

Lifti.

Mimi nilikuwa juu, nyuma ya kioo, kwenye jukwaa la wageni la Bunge la Makabwela la Uingereza, pale Westminster. Nikawahesabu waliobaki chini. Spika, makatibu mezani, waziri mmoja akipekua faili, na wabunge wachache waliotawanyika kwenye mabenchi ya kijani kama meno ya kikongwe. Nikavumilia dakika nane. Kisha nikainuka, nikapita mbele ya magoti ya mama mmoja aliyekaa peke yake mwisho wa safu yangu, nikatoka.

"Samahani," akasema yule mama, akivuta koti lake anipishe.

Yaani yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Hiyo ilikuwa Novemba. Wiki saba zimepita, na zile dakika nane bado hazijaniachia.

## Nilikuja kutazama ngumi

Niseme kweli: sikwenda pale kutazama Bunge. Nilikwenda kutazama ugomvi.

Mnazijua zile klipu. Jumatano, saa 6 mchana, Maswali kwa Waziri Mkuu. Wakubwa wawili wametazamana, meza tu katikati yao, nyuma yao watu wanazomea na kuguna, na Spika anapaza sauti kudai utaratibu. Sekunde arobaini kwenye simu, unacheka, unamtumia rafiki. Nimetazama nyingi kiasi kwamba nilipopata siku nne za kutembea London, nilipanga safari nzima kuizunguka Jumatano.

Kuingia kusikiliza mijadala ni bure, hata kwa mtu ambaye si raia wa kule, ingawa ziara ya kuongozwa ndani ya jengo hilo hilo hulipiwa. Lakini Jumatano ina wenyewe. Tiketi za Maswali kwa Waziri Mkuu hupewa wakazi wa Uingereza kupitia wabunge wao, na sisi wengine tunapanga foleni kwenye lango la Cromwell Green, tukiomba zibaki nafasi.

Hazikubaki.

Nilifika saa 4 asubuhi. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, mstaafu, mzoefu wa foleni ile, ambaye alinipa somo zima bila kuombwa. Alininyooshea kidole juu ya mnara, pale juu kabisa, juu ya uso wa saa. Kuna taa pale, akasema. Giza likiingia na Bunge bado limekaa, taa huwashwa. Iliwekwa mwaka 1885, na inasemwa Malkia Victoria alitaka kuona kutoka kwenye kasri lake kama wabunge wanafanya kazi au wameshakwenda kula. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Mawazo yangu yalikuwa kwenye ngumi.

Ilipofika saa 6 tulikuwa bado nje. Big Ben ikagonga mara 12 (kengele za kule hazijui hesabu yetu ya saa), nami nikajua kwamba mle ndani, mita chache kutoka nilipo, kile nilichokifuata kimeanza bila mimi.

Nilipoingia hatimaye, watu walikuwa wanatoka. Sikulitilia maanani wakati ule.

## Ngazi za kwenda juu

Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege: mkanda, saa, sarafu kwenye trei. Halafu ghafla unajikuta ndani ya Westminster Hall, na mdomo unafunga wenyewe. Ukumbi ule ulijengwa kati ya 1097 na 1099. Paa la mbao lililopo sasa ni la zama za Richard II, na halina nguzo hata moja katikati. Sakafuni kuna bamba la shaba linaloonyesha mahali Mfalme Charles I aliposhtakiwa mwaka 1649, kabla hawajamkata kichwa. Nilikuwa nimelikanyaga. Mtoto wa kike wa kama miaka tisa ndiye aliyeniambia nisogee, asome.

Kutoka hapo unapanda hadi St Stephen's Hall, mahali ambapo wabunge walikuwa wakikaa mpaka moto wa 1834 ulipounguza jengo. Sasa ni ushoroba wa sanamu. Moja wapo, ya Viscount Falkland, haina kipande cha mwiba wa kiatu cha kupandia farasi. Mwaka 1909 mwanamke aliyedai haki ya kupiga kura alijifunga kwenye sanamu ile kwa mnyororo, na katika kumfungua kipande kikavunjika. Hawajakirudisha. Nilipenda hilo kuliko sanamu zenyewe.

Halafu Central Lobby, chumba cha pembe nane ambamo kila mtu anaonekana anamngoja mtu. Kumbe ndivyo hasa. Mpiga kura anaweza kuingia pale bila miadi, akajaza kadi ya kijani, akaomba mbunge wake aitwe. Mbunge anaweza kuja au asije. Nilimwona bwana mmoja amekaa kwenye kiti cha ukutani, faili la plastiki mapajani, anatazama kila suti inayopita. Niliporudi jioni hakuwepo. Sijajipa ujasiri wa kudhani alionana na mtu wake.

Juu, mabawabu wenye makoti meusi ya mkia na tai nyeupe walichukua simu na begi langu. Nikabaki na mikono mitupu. Ukizoea simu, mikono mitupu ni adhabu.

## Kioo

Kitu ambacho klipu hazikuambii ni kioo.

Kati ya jukwaa na ukumbi kuna ukuta wa kioo, kwa hiyo sauti haikufikii kutoka kwenye mdomo wa mtu. Inatoka kwenye spika ndogo (za umeme, siyo yule wa kwenye kiti) zilizo kwenye viti. Unamwona mtu anafungua mdomo mbali kule chini, halafu anakusemesha sikioni. Nimesafiri kutoka nje ya nchi ili nione kwa macho, na bado nilijihisi nimekaa mbele ya runinga kubwa. Zaidi ya mara moja mkono wangu ulitafuta mahali pa kuongezea sauti.

Kioo kiliwekwa mwaka 2004. Mei ya mwaka huo huo waandamanaji wakarusha unga wa rangi ya zambarau uliompiga Waziri Mkuu Tony Blair mgongoni, na hawakuwa nyuma ya kioo. Walikuwa wamekaa viti vya mbele yake, viti vya wageni waalikwa, watu wanaodhaminiwa na wakubwa. Kizuizi kilijengwa kwa ajili ya watu wa foleni kama mimi na yule mzee wa kofia. Unga ukatoka kwa wenye mialiko. Halafu Aprili 2019, wanaharakati wa tabianchi walivua nguo jukwaani wakabandika viganja vyao kwenye kioo kwa gundi, huku chini mjadala wa Brexit unaendelea.

Wajerumani walijaribu dawa nyingine. Juu ya jengo la Bundestag pale Berlin kuna kuba la kioo lililosanifiwa na Norman Foster, lililofunguliwa 1999, ambapo raia anapanda njia ya mzunguko hadi anakuwa juu ya vichwa vya wabunge wake. Wazo ni zuri, mwenye nyumba awe juu ya mtumishi. Ila mtu aliye kwenye kuba hasikii hoja hata moja. Anapiga picha za mji.

## Wageni wa kufukuzwa

Nilikaa jukwaani karibu saa nzima mchana ule, na neno lililonirudia kichwani lilikuwa hilo la kwetu: mgeni.

Kiswahili kina ukarimu wake hapa. Aliyealikwa chakula ni mgeni, na aliyepotea njia akabisha hodi usiku ni mgeni. Jina ni moja, na jina hilo tayari limeshamwekea kiti. Waingereza wana maneno mawili tofauti kwa watu hao, na kwa karne nyingi bungeni kwao walitumia lile la pili. Aliyekaa nilipokaa mimi hakuitwa mwalikwa. Aliitwa mtu baki. Jukwaa lenyewe lilikuwa na jina hilo rasmi mpaka mwaka 2004, mwaka ule ule wa kioo. Walitubadilishia jina, wakatuwekea kioo.

Na mtu baki hana haki, ana ruhusa tu. Mbunge yeyote mmoja aliweza kusimama na kumwambia Spika kwamba anaona watu baki ukumbini. Maneno hayo tu. Jukwaa lote likatolewa nje.

Aprili 1875, Joseph Biggar, mbunge kutoka Ireland aliyekuwa bingwa wa kuwakera wenzake kwa kanuni zao wenyewe, aliinuka akasema amewaona watu baki. Siku hiyo jukwaani alikuwepo Prince of Wales, mrithi wa kiti cha enzi, ambaye baadaye akawa Mfalme Edward VII. Kanuni ni kanuni. Mtoto wa malkia akashuka ngazi pamoja na wote. Baada ya fedheha ile utaratibu ukabadilishwa ili kufukuza kuhitaji kura, lakini maneno yenyewe yaliendelea kutumika, hasa kama mbinu ya kuchelewesha shughuli, mpaka yalipofutwa mwaka 1998.

Wanawake ndio walioijua zaidi maana ya kuwa mtu baki. Kwa miaka mingi kabla ya moto wa 1834 hawakuruhusiwa jukwaani kabisa. Waliotaka kusikia walipanda darini, juu ya dari ya ukumbi, wakazunguka tundu la kutolea hewa na kuchungulia chini. Hebu fikiria: unasikiliza sheria za nchi yako kupitia bomba linalotoa joto la mishumaa na pumzi za wanaume. Jengo jipya likawapa jukwaa lao, lakini mbele yake pakawekwa wavu mzito wa chuma ili wasionekane. Tarehe 28 Oktoba 1908, Muriel Matters na Helen Fox walijifunga kwa minyororo kwenye wavu ule, na Muriel akaanza kuhutubia Bunge kutoka kule juu. Mabawabu wakashindwa kuwafungua. Ikabidi wang'oe vipande vya wavu vikiwa vimeshikana na wanawake wenyewe, wawatoe hivyo hivyo.

Wavu uliondolewa mwaka 1917. Vipande vyake viko kwenye madirisha ya Central Lobby, chumba kile cha kadi za kijani. Nilikuwa nimekaa chini yake mchana ule, nafunga kamba za viatu.

Hata kuandika kilichosemwa kuliwahi kuwa kosa. Mwaka 1771 wachapishaji walisakwa kwa kuchapa mijadala, na Meya wa London, Brass Crosby, alifungwa katika ngome ya Tower kwa kuwakingia kifua. Bunge lilimshinda Meya, lakini halikuweza tena kuwazuia wachapishaji. Huko ndiko ilikotokea Hansard, kumbukumbu ya karibu neno kwa neno ambayo leo mtu yeyote anaisoma bure kwenye intaneti. Nitairudia.

Wasomaji wangu mnaofuatilia vikao vya Dodoma mmezoea kingine: Spika anasoma orodha ya wageni walioko jukwaani, wanasimama kundi kwa kundi, wabunge wanapiga meza. Mara nyingine orodha inarefuka mpaka unasahau kulikuwa na hoja. Pale Westminster desturi ya zamani ilikuwa kinyume chake. Walioko juu hawatajwi. Wapo, lakini kwa mujibu wa mazungumzo ya chini, hawapo.

Siku hizi wamelegeza. Hilo pia nitalirudia.

## Ukumbi uliojengwa mdogo makusudi

Mchana ule, baada ya Waziri Mkuu kuondoka, walibaki kama watu thelathini. Walikuwa wanajadili muswada, kifungu kwa kifungu, kwa sauti za watu wanaosoma maelekezo ya dawa. Anayetaka kuchangia anainuka kidogo kila mwenzake anapomaliza, Spika asipomwona anakaa, anainuka tena. Hakuna anayemtaja mwenzake kwa jina. Ni mheshimiwa mbunge wa mahali fulani. Kuna burudani ndogo ndani yake ukivumilia, lakini siyo ngumi.

Wabunge ni 650. Nafasi za kukaa ni kama 427. Nilidhani ni ufinyu wa jengo la kale, kumbe ni uamuzi. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 mabomu ya Ujerumani yaliuharibu ukumbi, na ilipofika Oktoba 1943 wakabishana juu ya kuujenga upya. Churchill alitaka ubaki mstatili na ubaki mdogo. Hoja yake ilikuwa kwamba ukumbi unaowatosha wote utakuwa karibu mtupu siku nyingi, na mijadala itakufa kwa ubaridi. Afadhali siku za mambo makubwa watu wasimame milangoni. Walimkubalia, ukafunguliwa 1950.

Kwa hiyo utupu nilioutazama ni utupu uliokwisha kupunguzwa na mafundi. Hilo lilinichekesha, halafu likanikasirisha. Niliandika kwenye kijidaftari: *hata baada ya kupunguza viti.*

Najua utetezi, na sehemu yake ni ya kweli. Wako kwenye kamati, wanajibu barua za wapiga kura, kila chumba kina skrini inayoonyesha nani anazungumza. Akidi ya 40 inahitajika kwenye kura tu. Kuzungumza mnaweza kuzungumza watano. Na tangu kamera za televisheni ziruhusiwe mwaka 1989, wachache waliopo wana tabia ya kwenda kujibana nyuma ya msemaji ili pale kwenye picha paonekane pamejaa. Kutoka juu mchezo wote unauona: fungu la watu sita limebanana kona moja, na jangwa la ngozi ya kijani kila upande.

Nikatoka, nikazunguka mjini, nikarudi saa 12 na nusu jioni. Jioni hakuna foleni.

Saa 1 usiku kengele zikalia. Zina dakika nane za kuwaita watu kabla milango ya kupigia kura haijafungwa, na katika dakika hizo nane nikaona kitu ambacho hakuna klipu iliyowahi kunionyesha. Walitokea. Kutoka milango yote, mamia, wengine wanatafuna bado, wakapita ukumbini kuelekea vyumba viwili vya kura, kwa miguu yao, ndiyo huku, hapana kule, wanahesabiwa kichwa kimoja kimoja kama mbuzi wanaoingia zizini. Kisha wahesabuji wanne wakajipanga mstari, wakainama, wakasogea, wakainama tena mbele ya siwa, mmoja akasoma idadi. Kelele. Na papo hapo, kama maji ya beseni lililozibuliwa, wote wakaanza kutoka.

Hapo ndipo yule bwana wa lifti alipokuwa amesimama na karatasi zake.

## Rasimu

Makala niliyoiandika kwanza siyo hii.

Ile ya kwanza niliiandika usiku ule ule hotelini, maneno elfu moja na mia tano kwa mkupuo mmoja. Ilikuwa na kichwa kizuri: *Bunge la Viti*. Ilikuwa ya kuchekesha, najua kwa sababu nilicheka mwenyewe. Katikati yake alikuwepo yule bwana, nusu saa ya mwisho wa siku, anawahutubia waziri mmoja na mabenchi juu ya lifti. Nilimfanya kikaragosi. Nilisema huyu ndiye demokrasia ikishazimiwa taa.

Sikuichapisha. Kila nilipoifungua kuna kitu kilinikwaruza, na kwa wiki kadhaa nilidhani ni lugha. Nikabadilisha aya. Nikapunguza utani, nikaurudisha. Kuna siku nilijiuliza kama kweli nalalamikia Bunge, au nalalamikia Jumatano yangu iliyoharibika, kwa sababu kama ningepata kiti saa 6 mchana nisingejali kabisa kwamba saa 1 usiku hakuna mtu. Ningekuwa nimeshaondoka na klipu yangu.

Nikajitetea. Mimi ni mtalii. Lifti si yangu, treni si yangu, mbunge sikumchagua. Nina wajibu gani wa kukaa?

Utetezi ulikuwa mzuri. Bado haukuniridhisha.

Wiki ya tano nikataka maneno yake halisi, nimnukuu vizuri ili kikaragosi kikolee. Nikafungua Hansard. Unatafuta tarehe, unashuka hadi chini kabisa, na pale mwisho wa siku, baada ya kura, kuna hoja ya kuahirisha. Ndiyo utaratibu: kila siku ya kikao, kabla ya kufunga, mbunge mmoja hupewa kama nusu saa aseme jambo lake, na waziri lazima akae ajibu. Wanapigania nafasi hizo kwa kura ya bahati nasibu na kwa uteuzi wa Spika. Yule bwana hakuwa amebakizwa na wenzake kama makombo. Alikuwa ameipata.

Nikasoma. Nilikuwa nakumbuka neno la mwisho nililolisikia kabla ya kuinuka. Alikuwa anahesabu ngazi za kituo, ishirini na moja, halafu pa kupumzikia, halafu ishirini na mbili. Nikalipata. Nikaendelea.

Aya mbili chini yake, anasema barua ya kwanza juu ya ngazi hizo ilimfikia kutoka kwa mama mmoja ambaye mwanawe hutumia kiti cha magurudumu. Kwamba mama huyo ameendelea kuandika kwa miaka saba, kwake na kwa aliyemtangulia. Kwamba leo amekuja, na yupo jukwaani.

Nilisoma hapo mara tatu.

## Vya juu sikuvihesabu

Alikuwa na bahasha ya kahawia mapajani, chini ya koti. Nilidhani ni mtalii mwenzangu mwenye ramani.

Sasa kila kitu cha jioni ile kinajipanga upya, na siupendi mpangilio wake. Wakati kengele inalia jukwaani tulikuwa kumi na kitu: wanafunzi wachache, wapenzi wawili waliokuwa wamesinzia, mimi. Matokeo yaliposomwa wanafunzi waliondoka. Wapenzi wakafuata. Nilihesabu vichwa vya chini kwa bidii, nikaviandika hadi kwenye kijidaftari. Vya juu sikuvihesabu. Nikivihesabu leo kwa kumbukumbu, nilipoinuka mimi alibaki yeye na bawabu.

Hansard haiandiki hayo. Haisemi ukumbi ulikuwa na watu wangapi, haisemi sauti ya mbunge ilimezwa na viatu, haisemi kwamba alipofika kwenye sentensi aliyoiandaa pengine wiki nzima, akainua macho juu kumtazama mtu wake, safu nzima ilikuwa wazi. Kwenye ukurasa hotuba yake inaonekana kama hotuba yoyote, ina urefu wake, ina heshima yake, imekaa baada ya kura kubwa kwa herufi zile zile. Miaka mia ijayo mtu akiisoma atadhani ilisikilizwa.

Waziri alijibu kurasa mbili. Alimpongeza mheshimiwa kwa kufuatilia, akaeleza jinsi miradi inavyopangwa kwa vipaumbele, akamtaja mama na kumshukuru kwa kusafiri. Mwisho akaahidi kikao. Nimezisoma ahadi za mawaziri nyingi katika lugha mbili, na sikuona tofauti. Kama ni lifti tu niliyokuwa naitazama, rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na haki ya kucheka.

Ila yule mama alikaa hadi mwisho, na aliyemwomba radhi mwenzake ni yeye.

Mstari wa chini kabisa wa kumbukumbu ile ya siku ni saa: Bunge liliahirishwa saa 1:46 usiku. Nimetafuta nilikuwa wapi dakika hiyo, na simu imenijibu. Nilikuwa katikati ya daraja la Westminster, nimegeuka nyuma, napiga picha. Ni picha ya kawaida, ya kila mtalii: mto mweusi, basi jekundu lililokatika nusu, mnara wa saa. Imeandikwa 1:44.

Nikaikuza kwa vidole, juu, juu kabisa, juu ya uso wa saa. Taa inawaka.